Nani amepunguza kweli? Maswali yenu kuhusu hesabu za kaboni za watengenezaji magari

Barua nyingi za mwezi huu zinazunguka jambo moja: kila kampuni ya magari inasema imepunguza hewa ukaa, na msomaji hajui amwamini nani. Nimechagua tisa na kuzifupisha. Tarakimu ni nyingi kidogo safari hii, maana bila tarakimu tutabaki kubishana kwa matangazo. Shika kalamu, tuende pamoja.

Kampuni moja inasema imepunguza kwa asilimia 20, nyingine kwa asilimia 30. Hiyo ya pili si ndiyo bora?

Si lazima, na mara nyingine mambo huwa kinyume kabisa. Tuchukue kampuni mbili za kubuni, tuziite Mashariki na Magharibi. Mwaka 2019 kila moja iliuza magari milioni 2, na kila gari lilitoa gramu 150 za kaboni dioksidi kwa kilomita. Tukikadiria kwamba gari litatembea kilomita 200,000 kabla ya kuchakaa, hizo ni tani 30 kwa gari moja, na tani milioni 60 kwa mauzo ya mwaka mzima.

Miaka mitano baadaye Mashariki imeshusha wastani wake hadi gramu 120, lakini mauzo yamepanda hadi magari milioni 2.6. Jumla yake imekuwa tani milioni 62.4. Magharibi haikubadilisha hata boliti moja kwenye injini, gramu zake ni zilezile 150. Ila wateja wameikimbia. Imeuza magari milioni 1.4 tu, na jumla yake imeshuka hadi tani milioni 42.

Magharibi itaandika kwenye ripoti kwamba imepunguza kwa asilimia 30, na haitakuwa imesema uongo. Mashariki itaandika kwamba imepunguza kwa asilimia 20 kwa kila kilomita, nayo haitakuwa imesema uongo. Lakini wateja walioihama Magharibi hawakuanza kutembea kwa miguu. Wamenunua magari kwingine, na moshi wao umehamia kwenye daftari la mtu mwingine.

Ndiyo maana mimi hutaka kuziona hesabu zote mbili. Jumla inanieleza anga limepokea nini, na wastani kwa kilomita unanieleza wahandisi wamefanya nini. Ripoti inayotoa moja tu, itafute ile ya pili mpaka uipate. Halafu tazama mwaka wa msingi, yaani mwaka ambao punguzo linahesabiwa kuanzia hapo. Mwaka 2020 viwanda vingi vya magari vilifungwa kwa wiki kadhaa kwa sababu ya korona na mauzo yakaporomoka. Anayeuweka mwaka 2018 pembeni ya 2020 anajivunia punguzo ambalo hakulitolea jasho.

Jambo la tatu ni kilomita za maisha ya gari. Volkswagen na Volvo hukadiria kilomita 200,000. Mwenye kukadiria 150,000 kwa gari lilelile la gramu 150 anapata tani 22.5 badala ya 30. Robo nzima imetoweka kwenye karatasi, wakati barabarani hakuna kilichobadilika.

Kuna kampuni imefunika paa zima la kiwanda kwa paneli za sola na inatangaza kwamba kiwanda chake hakiongezi kaboni. Kwani hilo ni dogo?

Ni jambo jema, na waliolifanya wanastahili pongezi. Ila kwa mtengenezaji wa magari ni kipande kidogo cha hesabu.

Kampuni nyingi hufuata mwongozo wa GHG Protocol, ulioanza kutolewa mwaka 2001. Mwongozo huo unaugawa moshi katika mafungu matatu. Wigo wa 1 ni unaotoka kwenye mali ya kampuni yenyewe: boila, matanuri ya kukaushia rangi, malori yake. Wigo wa 2 ni umeme na joto inalonunua. Wigo wa 3 ni mengine yote, yamepangwa katika makundi 15, kuanzia chuma na plastiki inayonunua hadi siku gari linapokatwakatwa kuwa chuma chakavu. Kundi la 11 ndilo la kutazama: matumizi ya bidhaa iliyouzwa. Kwa anayetengeneza magari ya petroli na dizeli, kundi hilo moja kwa kawaida hubeba kama robo tatu ya hesabu yote.

Sababu iko ndani ya tangi. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu gramu 740, lakini ikiungua inatoa takribani kilo 2.3 za kaboni dioksidi. Kila nikiandika hivi napata barua kwamba nimekosea, maana kitu hakiwezi kutoa moshi mzito kukizidi chenyewe. Kinaweza, kwa sababu uzito wa ziada unatoka hewani. Kila gramu 12 za kaboni iliyomo kwenye mafuta huungana na gramu 32 za oksijeni ya hewani, zikatoka gramu 44. Dizeli ni nzito zaidi, hutoa kama kilo 2.6 kwa lita. Sasa gari la gramu 150 likitembea kilomita 200,000 litakunywa lita 13,000 hivi za petroli. Ziweke hizo tani 30 pembeni ya kazi ya kuliunganisha na kulipaka rangi kiwandani, ambayo kwa kawaida haifiki hata tani mbili kwa gari, na utaona paneli za sola zinagusa sehemu gani.

Mwaka 2019 kiwanda cha Bentley kilichoko Crewe, Uingereza, kilithibitishwa kuwa hakiongezi kaboni. Uthibitisho ulikuwa wa kiwanda, na ulikuwa halali. Lakini miongoni mwa magari yaliyotoka getini mwaka huo yalikuwemo yenye injini za silinda 12.

Hata ndani ya Wigo wa 2 kuna hesabu mbili. Tangu mwaka 2015 kampuni hutakiwa kuonyesha moshi wa umeme kwa kufuata gridi ya mahali kiwanda kilipo, na pia kwa kufuata mikataba na vyeti vya umeme jadidifu ilivyonunua. Ya kwanza hueleza mitambo gani inawaka upande wa pili wa waya. Ukitaka kulinganisha kampuni mbili, chukua aina moja kwa zote mbili, usiwapimie watu kwa pishi mbili tofauti.

Gari langu limeandikwa gramu 130 kwa kilomita, lakini mafuta ninayotia hayaendani na hiyo namba. Ni uendeshaji wangu, au kampuni imedanganya?

Huenda wewe ni dereva mzuri tu. Jipimie. Mimi nilijaza tangi mpaka pampu ikajikata yenyewe, nikasoma odometa na kuandika namba nyuma ya risiti, nikaendelea na shughuli zangu za kila siku. Baada ya kilomita 500 nilirudi kwenye pampu ileile, nikajaza mpaka ikajikata tena. Lita 36. Yaani lita 7.2 kwa kilomita 100. Zidisha kwa 23 upate gramu kwa kilomita: 166, ukikadiria kwa karibu. Kitabu cha gari langu nacho kinasema 130, kama chako. Tofauti ni zaidi ya robo.

Namba ya kitabuni hupimwa maabara, gari likizungusha magurudumu juu ya rola kwa mwendo uliopangwa sekunde kwa sekunde. Ulaya ilitumia kipimo cha NEDC kwa miaka mingi: dakika 20, kilomita 11, mwendo wa polepole. Kipimo kinachojulikana mapema ni sawa na mtihani wenye maswali yaleyale kila mwaka. Shirika la utafiti la ICCT lilifuatilia pengo kati ya maabara na barabara, likakuta chini ya asilimia 10 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na karibu asilimia 40 katikati ya muongo wa 2010. Fikiria maana yake kwa anayelinganisha kampuni. Sehemu kubwa ya punguzo lililotangazwa katika miaka ile haikuwahi kufika barabarani.

Kuanzia Septemba 2017 kipimo kipya cha WLTP kilianza kuchukua nafasi: dakika 30, kilomita 23, kasi kubwa zaidi. Hali imekuwa bora, ingawa pengo halijafungika. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba tangu 2021 magari mapya ya Ulaya lazima yawe na kifaa cha ndani kinachorekodi mafuta yaliyotumika kweli. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilitoa matokeo ya magari yaliyosajiliwa 2021. Ya petroli na dizeli yalitoa kaboni dioksidi takribani asilimia 20 zaidi ya namba za maabara. Haibridi za kuchaji, zenye betri na injini ya mafuta pamoja, zilitoa kwa wastani mara 3.5 ya namba zao rasmi.

Mara tatu na nusu! Namba rasmi inadhani mwenye gari anachaji karibu kila siku. Nimewahi kufungua buti ya gari la namna hiyo, gari la ofisi lenye kilomita 40,000, nikakuta waya wa kuchajia umo bado kwenye mfuko wake wa plastiki, tepu haijabanduliwa. Kilomita zote zile lilikuwa gari la petroli linalobeba betri nzito. Kwa hiyo ukiona kampuni imeshusha wastani wake ghafla, angalia ni haibridi ngapi za kuchaji zimo kwenye mauzo hayo.

Umetaja pia udanganyifu. Upo wa kumbukumbu: mwaka 2012 Hyundai na Kia zilikiri Marekani kwamba zilitia chumvi namba za matumizi ya mafuta, na mwaka 2014 zikakubali faini ya dola milioni 100. Mwaka 2016 Mitsubishi ilikiri Japani kuchezea vipimo vya mafuta. Sakata la Volkswagen la 2015, lililogusa magari milioni 11 hivi, lilihusu oksidi za nitrojeni, gesi zinazoumiza mapafu. Watu hulichanganya na kaboni dioksidi, lakini ni gesi nyingine na kipimo kingine.

Sheria zinalihesabu gari la umeme kuwa gramu sifuri. Ni haki kweli?

Ni haki kwenye bomba la moshi, maana halina. Kwa maisha mazima ya gari si sifuri, na anayesema ni sifuri anawaharibia hata wale wanaoyatetea magari ya umeme kwa hoja za kweli.

Mfano ninaoupenda ni wa Volvo, kwa sababu mtengenezaji mwenyewe aliandika namba isiyompendeza. Mwaka 2021 Volvo ilitoa hesabu ya maisha ya gari lake la umeme, C40, ikaiweka pembeni ya XC40 ya petroli. Ilikubali kwamba kutengeneza lile la umeme, pamoja na malighafi, kulitoa gesijoto karibu asilimia 70 zaidi. Ndipo yakafuata matumizi. Kwa kilomita 200,000, gari la petroli lilifika tani 59. La umeme, likichajiwa kwa wastani wa umeme wa dunia nzima, lilifika 50. Kwa umeme wa Ulaya, 42. Kwa umeme wa upepo, 27.

Kilomita ambazo gari la umeme linahitaji ili kulipa deni la kutengenezwa kwake zilitofautiana vilevile: kama 110,000 kwa umeme wa wastani wa dunia, 77,000 kwa wa Ulaya, na 49,000 kwa upepo. Gari lilelile, rangi ileile, majibu matatu. Mtu akikuambia "gari la umeme hulipa deni lake baada ya kilomita kadha wa kadha" bila kutaja umeme wa wapi, hajakuambia kitu.

Sehemu ya deni hilo ni betri. Makadirio ya kawaida ni kilo 60 hadi 100 za gesijoto kwa kila kilowatisaa ya uwezo, kwa hiyo betri ya kilowatisaa 70 inaanza na tani 4 hadi 7 kabla gurudumu halijazunguka. Aluminiamu nayo ni ya kuulizia: tani moja iliyoyeyushwa kwa umeme wa makaa ya mawe inaweza kubeba mara nne ya moshi wa ile iliyoyeyushwa kwa umeme wa maji. Kampuni inayobadilisha muuzaji wa aluminiamu imefanya kazi ya kweli, ila kwenye gramu kwa kilomita kazi hiyo haionekani kabisa.

Sifuri ina athari nyingine ndani ya wastani. Kampuni iliuza magari 100, yote ya gramu 140. Mwaka uliofuata imeuza 80 ya petroli ya gramu 145, na 20 ya umeme. Wastani wake umeshuka hadi 116, punguzo la asilimia 17, huku magari yake ya petroli yakiwa yamekuwa mabaya zaidi. Mimi hutenganisha makundi hayo mawili kila ninapopata takwimu za kutosha. Nataka kujua injini zinaendaje, maana magari ya petroli yanayouzwa leo yatakuwa barabarani kwa miaka mingi ijayo.

Nimesikia kampuni za Ulaya zinaweza "kuungana" ili zisilipe faini. Kuungana vipi?

Umoja wa Ulaya humpa kila mtengenezaji kikomo cha wastani wa magari mapya anayouza. Kikomo cha jumla kilikuwa gramu 130 mwaka 2015, kikashuka hadi 95, kikahesabiwa kwa asilimia 95 ya magari mwaka 2020 na kwa yote mwaka 2021. Gramu 95 ni sawa na lita 4.1 za petroli kwa kilomita 100. Anayezidi hulipa euro 95 kwa kila gramu ya ziada, kwa kila gari aliloliuza. Piga hesabu: gramu 3 za ziada kwa magari milioni 1 ni euro milioni 285.

Sheria inaruhusu kampuni mbili au zaidi zihesabiwe kama kapu moja. Mwaka 2019 Fiat Chrysler iliingia kapu moja na Tesla na kuilipa kwa ajili hiyo, sifuri za Tesla zikavuta chini wastani wa mwenzake. Ni halali, na pesa zilimfikia anayetengeneza magari ya umeme. Lakini ukiorodhesha kampuni kwa matokeo ya kapu, unampa mtu sifa ya kazi aliyoinunua. Chukua wastani wa mtengenezaji peke yake, kabla ya kuunganishwa.

Vikomo hivyo pia vilirekebishwa kwa uzito: mwenye magari mazito alipewa kikomo kilicholegea zaidi. Kwa hiyo "amefikia lengo" si sawa na "anatoa kidogo". Kampuni mbili zinaweza kufaulu zote, mmoja akiwa na gramu nyingi kumshinda mwenzake.

Na tarehe zina nguvu ya ajabu. Wastani wa magari mapya ya Ulaya ulikuwa karibu gramu 122 mwaka 2019. Mwaka 2020, kikomo kilipoanza kuuma, ukashuka hadi 108 hivi, na sehemu ya magari ya kuchaji ikapanda kutoka asilimia 3.5 hadi karibu 11. Hiyo ni hatua ya mwaka mmoja, baada ya miaka mitatu mfululizo ya wastani kupanda. Wahandisi hawakugundua kitu kipya usiku wa kuamkia Januari. Magari yalikuwepo, yalikuwa yanasubiri siku ambayo kutoyauza kungekuwa na gharama. Mwaka 2025 sheria ililegezwa tena, lengo jipya la asilimia 15 chini ya 2021 likaruhusiwa kuhesabiwa kwa wastani wa miaka mitatu, 2025 hadi 2027. Anayetaka kulinganisha kampuni katika kipindi hiki asifunge hesabu kwa mwaka mmoja.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Nataka kutengeneza kipimo kimoja cha kuzipanga kampuni za magari. Msimamizi wangu amependekeza uchanganuzi wa bahasha ya takwimu. Unanishauri nini?

Njia hiyo ilianzishwa na Charnes, Cooper na Rhodes mwaka 1978, na ina faida moja kubwa: haikulazimishi kuamua mapema uzito wa kila kigezo. Unaweka kinachoingia, kama nishati, mtaji na wafanyakazi, na kinachotoka, kama magari na mapato, pamoja na kaboni kama zao lisilotakiwa. Kampuni zinazofanya vizuri zaidi zinachora mpaka, na nyingine zote zinapimwa kwa umbali wao kutoka hapo.

Angalia mitego miwili. Kampuni kubwa za magari duniani ni chache. Ukiweka kampuni kumi na vigezo sita, karibu kila moja itajikuta mpakani na jedwali lako litakosa maana. Watafiti wengi hutaka idadi ya kampuni iwe angalau mara tatu ya idadi ya vigezo. Mtego wa pili ni mkubwa zaidi: ukiingiza Wigo wa 1 na wa 2 tu kwa sababu takwimu zake ni rahisi kupata, utakuwa umepima ufanisi wa viwanda, halafu kichwa cha tasnifu kitasema umepima watengenezaji magari. Nimeona makala kadhaa za namna hiyo, na huniuma kwa sababu hesabu zake ni safi kabisa.

Kwa mabadiliko ya miaka, tumia fahirisi ya Malmquist. Hutenganisha kampuni iliyowakaribia walio mbele na kusonga kwa mpaka wenyewe. Kisha vunja punguzo lako vipande: kiasi gani kimetokana na mauzo kushuka, kiasi gani na magari ya umeme, kiasi gani na injini, kiasi gani na uzito wa magari. Kazi hii ya kuvunja vipande ndiyo ningeisoma kwanza kama ningekuwa mtahini wako.

Ukichukua takwimu za Marekani, geuza maili kwa galoni kuwa lita kwa kilomita 100 kabla ya jambo lolote. Gari likitoka maili 10 hadi 20 kwa galoni, kwa safari ya maili 10,000 linaokoa galoni 500. Likitoka 25 hadi 50 linaokoa 200 tu. Zote zimeongezeka maradufu, na la pili ndilo linaloonekana limeruka zaidi. Wastani wa maili kwa galoni utakudanganya bila wewe kujua.

Kampuni zikiungana au kugawanyika, hesabu za zamani zinakuwaje?

Zinatakiwa kupigwa upya. Stellantis ilizaliwa Januari 2021 kutoka PSA, kampuni ya Peugeot, na Fiat Chrysler, kwa hiyo mwaka wake wa msingi lazima ujumuishe zote mbili. Daimler iliachana na biashara ya malori Desemba 2021. Asiyeondoa malori kwenye mwaka wa msingi ataonyesha punguzo kubwa ambalo kwa kweli ni uhamisho wa mali. Ubia nao uangalie. Mwongozo unaruhusu kampuni ihesabu kwa hisa inazomiliki au kwa udhibiti ilionao, na kwa mwenye viwanda vya ubia, chaguo hilo linaweza kuingiza au kutoa mamilioni ya magari.

Miti iliyopandwa na kampuni je, inahesabika?

Kwenye kulinganisha, hapana. SBTi, taasisi inayopitia malengo ya kampuni ya kupunguza moshi, haikubali ununuzi wa punguzo lililofanywa nje ya kampuni uhesabiwe katika malengo ya miaka ya karibu. Miti ipandwe, ni kheri, iandikwe mstari wake wa peke yake.

Gari likiuzwa mkono wa pili au wa tatu, moshi wake unahesabiwa kwa nani?

Swali hili limenikalisha chini jioni nzima. Kwa mwongozo wa Wigo wa 3, mtengenezaji huandika moshi wa maisha yote ya gari katika mwaka aliouza. Gari lililouzwa 2015 liliandikwa lote mwaka 2015, kwa kilomita alizokadiria, na likafungwa. Mnunuzi wa pili na wa tatu tayari wamo humo ndani, kwa kadirio.

Lakini magari mengi hayafi kwenye kilomita 200,000. Nina picha ya odometa niliyotumiwa na msomaji mwingine, inasoma 312,000, na gari linafanya kazi kila siku. Kama lilikuwa la gramu 150, kilomita 112,000 za ziada ni karibu tani 17. Hizo zimo kwenye hesabu ya taifa la mahali mafuta yalikochomwa, kwa kuwa mataifa huhesabu mafuta yanayoungua kwao. Kwenye daftari la aliyelitengeneza gari hazimo.

Pima hapo tofauti kati ya kampuni mbili. Moja hutengeneza gari linalodumu kilomita 300,000, nyingine linalokufa kwenye 150,000 na kuhitaji jingine, lenye chuma kipya na aluminiamu mpya. Kwa kadirio moja la kilomita 200,000 kwa wote, zinaonekana sawa kabisa. Kwa gari la umeme, ambalo kila kilomita ya ziada hulipa deni la betri, linalodumu ndilo lenye kaboni ndogo kwa kilomita. Kwa la petroli kila kilomita ya ziada ni moshi mpya. Uimara unaweza kuwa sifa ya kaboni kwa mmoja na mzigo kwa mwingine, na ripoti nilizokwisha kuzisoma huukadiria kwa namba moja iliyoandikwa kwenye tanbihi, kwa herufi ndogo, ukurasa wa mwisho.